Mtindi wa bakteria hai: kutoka sufuriani hadi utumbo mpana

Maswali kuhusu mtindi wenye bakteria hai ni yale yale. Asidi ya tumbo si inawaua bakteria wote? Ninywe kabla ya kula au baada? Naweza kuuchanganya na uji? Daktari kanipa antibayotiki, niache mtindi au niendelee? Nimeyakusanya majibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu maziwa yakiwa jikoni.

Nianze na ninachokiamini kuhusu jambo hili. Watu wengi wanahangaikia asidi ya tumbo, kumbe bakteria wao wameshakufa zamani: wameunguzwa na maziwa ya moto, wamekaa wiki nyingi kwenye rafu ya duka yenye joto, au wamemwagwa kwenye uji unaochemka. Ukiwatunza vizuri mpaka kijiko kinafika mdomoni, kazi kubwa umeshaimaliza.

Safari yenyewe, kwa ufupi

Tumbo likiwa tupu, asidi yake ni kali sana, pH (kipimo cha asidi, namba ndogo ndiyo kali zaidi) kati ya 1.5 na 3.5. Chakula kikiingia, ukali huo hushuka kwa muda. Bakteria wa asidi laktiki, yaani hawa wanaogandisha maziwa, wana pampu ndogo kwenye utando wa seli zao zinazosukuma asidi nje. Pampu hizo zinahitaji nishati, na nishati hutoka kwenye sukari. Ndiyo maana kitu wanachoingia nacho tumboni kina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Wakivuka tumbo wanakutana na nyongo. Kazi ya nyongo ni kusambaratisha mafuta, na utando wa bakteria umejengwa kwa mafuta. Baadhi ya aina zina kimeng'enya cha kuvunja chumvi za nyongo, nyingine hazina. Kwa hiyo usiulize kama "probayotiki", yaani bakteria hai wa manufaa, "zinapona". Uliza ni bakteria yupi.

Chukua wale wawili wa yogati ya kawaida, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Wengi wao hawafiki mbali. Lakini nyongo inapowapasua kwenye utumbo mwembamba, kimeng'enya chao cha laktesi kinamwagika na kuivunja sukari ya maziwa. Ndiyo sababu mtu anayejaa gesi kwa glasi ya maziwa freshi anaweza kunywa mtindi na akalala salama. Wamekufa, na kazi wamefanya.

Lactobacillus rhamnosus GG ni habari nyingine. Alitolewa kwenye utumbo wa mtu mwenye afya huko Boston, Marekani, miaka ya 1980 na Sherwood Gorbach na Barry Goldin. Herufi GG ni za majina yao. Anastahimili asidi na nyongo, na ana vinyweleo vinavyomwezesha kushika ute unaofunika ukuta wa utumbo. Tangu 2020 wataalamu wanamwita Lacticaseibacillus rhamnosus, kwa hiyo usishtuke ukiona jina hilo kwenye lebo. Na hatupaswi kudhani sifa hizi ni za maabara za ng'ambo tu: aina za Lactobacillus plantarum zilizotolewa kwenye kule naoto, maziwa ya kugandisha ya Wamasai wa Kenya, zilipimwa kwa asidi na nyongo na zikaonyesha ustahimilivu.

Nadharia inatosha.

Vitu vya kuandaa

- Maziwa lita 1. Ya ng'ombe, freshi au ya pakiti, yote yanafaa.
- Mbegu, yaani mtindi au unga wa kuanzishia. Nitaieleza hapa chini.
- Sufuria yenye mfuniko, mwiko safi, na beseni la maji ya baridi.
- Hotipoti, au chupa ya chai yenye mdomo mpana. Ukikosa, blanketi zito.
- Kipimajoto cha jikoni kama unaweza kukipata. Si lazima, ila kitakuokolea maziwa mengi.
- Mitungi ya kioo iliyooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa.
- Friji. Kama huna, tengeneza kidogo kidogo, cha kuliwa siku hiyo hiyo au kesho yake.

Mbegu ndiyo inayoamua utakula nini. Iliyo rahisi ni yogati ya dukani isiyo na sukari wala ladha, iliyoandikwa kuwa ina bakteria hai. Soma lebo mpaka mwisho: kama imepashwa moto baada ya kugandishwa, iache, bakteria wake wamekufa. Angalia pia tarehe. Idadi ya bakteria hai hupungua kadiri siku zinavyokwenda, kwa hiyo chukua yenye siku chache tangu itengenezwe.

Ukitaka rhamnosus, zipo njia za hapa hapa kwetu. Yoba for Life, shirika lenye asili ya Uholanzi, limesambaza Uganda na nchi jirani unga wa mbegu wenye aina hiyo ya GG pamoja na Streptococcus thermophilus. Mwanza, akina mama wa kikundi cha Tukwamuane, Mabatini, walianza mwaka 2004 kutengeneza mtindi wa probayotiki kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada, wakitumia ndugu yake GG aitwaye GR-1. Mtindi wa namna hiyo umejulikana kwa jina la Fiti. Hawa ni watu waliofanya kazi hii kwenye jiko la kawaida, kwa maziwa ya wafugaji wa jirani, na ninawaheshimu sana kwa hilo.

Onyo hapa: usifungue kidonge cha GG ukamwaga kwenye maziwa peke yake ukitegemea yagande. GG hawezi kutumia sukari ya maziwa, na protini ya maziwa hawezi kuivunja vizuri. Anamhitaji thermophilus amvunjie vyote viwili ndipo naye azaliane. Ndiyo maana unga wa Yoba una wote wawili. Kama una kidonge tu, changanya na vijiko viwili vya yogati hai.

Kutengeneza

1. Chagua maziwa na umuulize muuzaji. Ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele kwa antibayotiki huendelea kutoa dawa kwenye maziwa kwa siku kadhaa. Kiasi hicho huwezi kukiona wala kukionja, lakini kinatosha kuizuia mbegu. Kama unanunua kwa mfugaji unayemfahamu, muulize wazi.

2. Chemsha. Yakianza kupanda, punguza moto na uyaache yakitokota polepole kwa dakika 10 huku unakoroga chini yasishike. Kuna sababu mbili. Kwanza, maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na uchachu wa mtindi si kinga ya kutegemea dhidi yao. Najua wazee wetu waliyagandisha mabichi kwenye kibuyu, usiige hilo. Pili, moto huu hubadilisha protini za maji ya maziwa, na mtindi unatoka mzito. Maziwa ya pakiti ya muda mrefu yameshapita moto mkali, yatosha kuyapasha hadi joto la hatua inayofuata.

3. Poza hadi nyuzi 42 au 43. Hapa ndipo wengi wanapoua mbegu yao. Weka sufuria, imefunikwa, ndani ya beseni la maji ya baridi na ubadilishe maji yakipata moto. Bila kipimajoto, dondoshea tone la maziwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono: ulisikie la moto, lakini usitake kuvuta mkono. Ukivuta mkono, subiri. Usilisikie kabisa, yameshapoa mno, yapashe kidogo. Kama mbegu ina rhamnosus, shuka hadi karibu na nyuzi 40, maana yeye hupenda joto la mwili wa binadamu.

4. Weka mbegu. Vijiko viwili vya chakula kwa lita 1. Ikoroge kwanza kwenye kikombe na maziwa kidogo mpaka mabonge yaishe, ndipo umimine sufuriani na kuchanganya taratibu. Ukitumia unga wa pakiti, fuata kipimo chake. Usiongeze mbegu ukidhani utapata bakteria zaidi: maziwa yatachachuka haraka mno na mtindi utakuwa wa chengachenga.

5. Tunza joto. Mimina kwenye hotipoti iliyosuuzwa kwa maji ya moto, funga, ifunike na blanketi, iache. Saa 6 hadi 8 kwa mbegu ya kawaida, saa 8 hadi 12 yenye rhamnosus. Usiifungue kila mara kuchungulia, wala usiitikise. Mtindi unaosumbuliwa wakati unashikana hutoa maji.

6. Kagua. Inamisha chombo kidogo. Ukiona umeachana na ukingo kwa pamoja, kama kitu kimoja, umeiva. Harufu iwe ya uchachu safi.

7. Poza upesi. Ukiuacha kwenye joto, bakteria wanaendelea kutengeneza asidi mpaka asidi yao wenyewe inaanza kuwapunguza. Weka friji, nyuzi 4, na uule ndani ya wiki moja.

8. Tenga mbegu ya mara ijayo kabla hujaanza kula. Kijiko safi, mtungi mdogo, mfuniko. Kila unaporithisha, uwiano wa bakteria unabadilika: wenye kasi wanawapiku wengine, na rhamnosus ndiye anayeachwa nyuma. Baada ya kurithisha mara 4 au 5, anza na mbegu mpya. Mtindi bado utaganda vizuri kwa mbegu ya zamani, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu kuganda si ushahidi kwamba uliyemtaka bado yumo.

Kula

9. Kikombe kimoja kwa siku. Mtindi uliotunzwa vizuri unaweza kuwa na bakteria milioni 10 kwenye kila mililita, kwa hiyo mililita 200 zinakupa bilioni 2. Nambari inatisha, ila mwilini mwako tayari wamo bakteria wanaokadiriwa kufika trilioni 38, karibu wote kwenye utumbo mpana. Hawa wa kikombe hawaji kuchukua nafasi ya wenyeji. Wanachofanya ni kupita wakitoa asidi laktiki, kugombania chakula na mahali pa kujishika dhidi ya vijidudu vya maradhi, na kugusana na seli za kinga ambazo zimejaa kwenye ukuta wa utumbo. Hilo ni jambo kubwa tayari, na sioni sababu ya kuliongezea chumvi kama wauzaji wengi wanavyofanya.

10. Kula pamoja na mlo, au ndani ya nusu saa kabla yake. Hili ndilo jibu la swali la "kabla au baada". Chakula chenye mafuta kidogo hupunguza ukali wa asidi na kuwapa bakteria nafasi ya kupita. Maziwa yenyewe ni kinga pia. Mtindi ni msafirishaji mzuri kuliko kidonge kilichomezwa kwa maji matupu asubuhi. Nikiwa na rhamnosus napenda kumkatia ndani ndizi mbivu. GG akipata glukosi akiwa kwenye asidi hustahimili kwa wingi zaidi, na glukosi iko tele kwenye ndizi mbivu.

11. Usiuchanganye na kitu cha moto. Uji ukiwa bado unaupuliza, usubiri. Ukifika pale unaponyweka bila kupuliza, changanya. Mtindi uliopikwa kwenye mchuzi ni mtamu na ni chakula kizuri, ila usiuhesabu kama kikombe cha bakteria hai.

12. Walishe na wenyeji. Maharage, kunde, mboga za majani, ndizi mbichi za kupika, viazi vilivyopikwa vikapoa: nyuzinyuzi na wanga usiomeng'enyeka huvuka utumbo mwembamba na kufika utumbo mpana, ambako bakteria wanaugeuza kuwa asidi ndogondogo. Mojawapo, biutireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Mtindi bila mboga ni nusu ya kazi.

13. Kula kila siku. Kwa watu wengi hawa bakteria ni wapita njia. Ukiacha, ndani ya wiki moja au mbili huwa hawaonekani tena kwenye choo kikipimwa. Lita nzima Jumamosi haiwezi kufidia siku sita za kukosa.

14. Ukiwa kwenye antibayotiki, endelea, lakini achanisha muda. Acha saa 2 hadi 3 kati ya dawa na mtindi, na uendelee na mtindi kwa muda baada ya dozi kwisha. Zipo antibayotiki ambazo hazitakiwi kabisa kukaribiana na maziwa, kwa hiyo muulize mfamasia. Yupo pia Saccharomyces boulardii, ambaye si bakteria bali ni hamira. Antibayotiki za bakteria hazimgusi. Aligunduliwa na Mfaransa Henri Boulard kule Indochina miaka ya 1920, na leo anauzwa kwenye vidonge na pakiti za unga.

Kama maziwa hupati

Togwa ni jibu zuri na la gharama ndogo. Pika uji mwepesi wa mahindi au mtama, upoze hadi uvuguvugu, tia unga wa kimea cha ulezi na kikombe cha togwa ya jana, funika, uache usiku kucha mpaka uchachuke. Kunywa bila kuupika tena. Watoto wa chini ya miaka 5 nchini Tanzania waliokula uji wa namna hii kwenye utafiti uliochapishwa 1999 walipungukiwa na vijidudu vya maradhi kwenye choo chao. Bakteria wa togwa hubadilika nyumba kwa nyumba, kwa hiyo usitegemee aina moja yenye jina. Togwa ya mtoto itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa na isiachwe mpaka iwe pombe.

Nani asianze bila kumuuliza daktari

Mtoto njiti. Mtu aliyelazwa na mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu. Aliye kwenye dawa za saratani, aliyepandikizwa kiungo, au ambaye kinga yake imeshuka sana. Kwa watu hawa bakteria au hamira hai, hasa vya vidonge, vinaweza kuingia kwenye damu. Na mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu.

Mambo yakienda kombo

*Hayakuganda kabisa.* Kama bado yananukia maziwa, mbegu ilikufa kwa moto au ilikuwa imekufa tangu dukani. Yapashe tena, yapoze, tia mbegu mpya. Yakikataa mara ya pili kwa mbegu unayoiamini, shuku maziwa: dawa ya ng'ombe, au kemikali iliyotiwa yasiharibike. Jaribu mbegu hiyo hiyo kwa maziwa ya pakiti na utajua kosa liko wapi.

*Yameganda lakini ni mepesi.* Ama maziwa yalitiwa maji, ama uliyachemsha kwa haraka. Vijiko viwili vya maziwa ya unga kwa lita, kabla ya kuchemsha, husaidia.

*Maji yamejitenga juu.* Yakiwa kidogo, ya rangi ya njano inayoelekea kijani, hayana ubaya. Yakoroge humo humo, yana bakteria pia. Yakiwa mengi, uliacha muda mrefu au kulikuwa na joto jingi.

*Unavutika kama kamasi.* Mara nyingi joto lilikuwa dogo. Ukiwa na harufu nzuri ni salama kuliwa, ila usiufanye mbegu.

*Ukungu, madoa ya waridi, au harufu ya kuoza.* Mwaga wote. Kukwangua juu na kula chini hakufai. Chemsha vyombo kabla ya kurudia.

*Tumbo linajaa gesi.* Siku za mwanzo hutokea. Anza na vijiko vitatu vya chakula, panda polepole. Ikiendelea baada ya wiki mbili, jaribu togwa, au acha.

*Sioni tofauti yoyote.* Kama ulikuwa mzima, huenda usisikie kitu. Kama una tatizo maalumu, kila aina ya bakteria ina kazi yake, na iliyomfaa jirani kwa kuhara kwa antibayotiki inaweza isikufae wewe kwa choo kigumu. Nipe mwezi mmoja wa kula kila siku kabla hujaamua. Damu kwenye choo, kupungua uzito au maumivu yanayokuamsha usiku si mambo ya kujaribia mtindi, nenda hospitali.

*Mtoto anaharisha, nimpe mtindi?* Kwanza maji ya ORS, kidogo kidogo na mara kwa mara, pamoja na zinki kutoka kituo cha afya, na aendelee kunyonya. Akishaanza kunywa vizuri, na kama amevuka miezi 6, mpe mtindi kijiko kwa kijiko kama sehemu ya chakula chake. Macho yakiwa yameingia ndani, akiwa mlegevu, au akitapika kila anachokunywa, mpeleke sasa hivi.